Kikombe cha Bluu

Ujiji, Jumanne

Vitabu vitatu nimeandika: cha kupinga ubaguzi, cha ziwa linalomeza nyumba zetu, na hicho cha kulea watoto ambacho kila mtu anakisifu!

Leo Mama Ezra, mkimbizi wa Burundi anayenifulia nguo, alikuja na binti yake. Mtoto akachota maji mtungini. Zuhura wangu, miaka sita, akampokonya kikombe.

"Hiki chetu! Chenu kile cha bluu."

Nikafoka, "Nani kakufundisha?"

Mama Ezra ndiye aliyejibu, taratibu, "Usimpige, Mama Zuhura. Ni mtoto."

Sikumpiga. Ningempigia nini? Kikombe cha bluu nilikinunua mimi, wiki ileile niliyomaliza kitabu cha ubaguzi.