Matangazo ya Maji ya Laini ya Nne

Mwalimu,

Tangu tukuzike nimekuwa mtu wa kushuku kila mtu. Nilianza na Kinoti, mfungua maji wetu pale Mitunguu. Wakulima wa laini ya nne walilalamika kwamba matangazo ya maji hayafiki kwa wakati kwenye simu zao. Wakikimbilia shambani, zamu imekwisha na migomba imekosa maji. Kinoti akaapa kwamba akifungua laini tu, anabonyeza tangazo papo hapo. Nikacheka. Ati anabonyeza! Na shamba la shemeji yake, mbona linalowa kila zamu?

Usidhani nilikurupuka. Nilikaa ofisini, nikafungua ukurasa wa matangazo moja kwa moja kwenye kompyuta uliyotuachia, na matangazo yakaingia moja moja, vile ulivyoyapanga. Basi nikaiambia kamati mtambo hauna shida, shida ni mtu. Kinoti akasimamishwa kazi.

Jumanne nilikuwa shambani kwa Mama Kendi, laini ya nne. Mfungua maji mpya alibonyeza nikimwona kwa macho yangu. Simu ya Mama Kendi ikabaki nyeupe, bila tangazo. Tukangoja, tukanywa chai, tukangoja. Saa sita, zamu za siku zilipofungwa, matangazo yote ya asubuhi yakamwagika kwa pamoja. Mama Kendi akasema, "Kumbe Kinoti alikuwa anatuma." Nilitamani ardhi inimeze.

Ni seva ya mbele, Mwalimu. Niliiweka wiki moja baada ya mazishi, iwe inapokea maombi ya simu za wakulima wa laini ya nne kwa niaba ya kompyuta yako isije ikazidiwa. Kumbe inakusanya jibu lote mpaka liishe, ndipo inalitoa. Na jibu letu, matangazo yote ya siku kwa mfululizo mmoja, huanza asubuhi, haliishi mpaka saa sita. Mimi nikipima ofisini nilikuwa siipitii kabisa.

Nikafungua daftari lako. Umeandika kwa kalamu nyekundu: "Ukiweka kitu katikati, kiambie kipitishe kila neno linapofika." Niliyaona hayo maneno kabla ya kuiweka. Niliyaona, nikasema mzee huyu alipenda kuandika sana. Nimekukosa, aki. Hata kelele zako za "Makena, soma kwanza!" nimezikosa.

Sasa ninayemshuku ni mimi. Nilikosea tu, ama nilifurahi kupata wa kulaumiwa? Siku tatu nazunguka na swali hilo, na jibu silipendi.

Seva nimeirekebisha, ni mstari mmoja tu. Kesho kamati inakutana, nao, kwa kuwa matangazo sasa yanafika, wanadhani naenda kupongezwa. Nitampitia Kinoti nyumbani kwake kwanza, nimwambie mbele ya mkewe, kisha twende wote nikaseme tena kwa kamati. Wakinifukuza, wanifukuze.

Pumzika, Mwalimu wangu. Kinoti akianza kunitukana, sitamkata neno hata moja mpaka amalize. Hilo nakuahidi.

Makena