Nimemlilia Mzungu wa Sinema

Mama,

Nimepata ile kazi. Ile sinema ya mwanamke wa Thika anayependana na mzungu, watu wa pande zote mbili wanawakataa, halafu mzungu anakufa. Mimi ndiye huyo mwanamke. Ungekuwepo, Ngoingwa nzima ingekuwa inajua saa hii, na ungekuwa umewaonya wasiniulize habari ya kubusu. Lakini sina furaha. Nimekasirika tangu Alhamisi, na wa kumwambia ni wewe tu.

Unakumbuka tulivyofanya mazoezi jikoni? Mimi mke, wewe mzungu. Umevaa aproni, unamenya viazi, skripti umeiegemeza kwa mkebe wa majani chai, na maneno ya mapenzi unayasoma kama matangazo ya kanisa. Ukifika pa kuniita mpenzi unaniita Mami, kama siku zote, kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Halafu unanisimamisha. "Na huyu mzungu, mbuzi za ruracio, za mahari, alileta?" Tulipofika kwa mazishi, pale mjane anabaki peke yake na jeneza, ulifunga skripti kabisa. "Aii, watu wake wako wapi? Nani amepika chai?"

Wiki mbili baadaye tukakuzika wewe.

Odisheni ya mwisho ilikuwa Ruiru, kwa ukumbi wa kukodi juu ya duka la hardware, mwezi mmoja baada yako. Tulikuwa tumebaki wawili, mimi na msichana mmoja wa Juja. Wakaleta jeneza tupu, wakaniambia mume wangu yuko ndani. Nikafanya vile nilikuona ukifanya tukimzika Baba. Nikasimama hapo, nikanyoosha kitambaa juu ya jeneza, kisha nikageuka nikauliza, "Watu wamekunywa chai?"

Dairekta akasema haina uchungu. Akaniuliza kama nimewahi kufiwa. Ngai! Mwezi mmoja, Mama! Sweta yako bado iko kwa msumari nyuma ya mlango. Na aliyesema hivyo si mzungu. Ni mtu wetu, mama yake anakaa Theta, na nakuapia huyo mama kwa matanga anauliza watu kama wamekunywa chai. Nilimwambia hivyo mbele ya wote. Akasema anajua, lakini watu wa nje hawataelewa chai, wanataka kuona mwanamke akilia. Kisha akanipa nafasi moja ya mwisho, Alhamisi.

Wewe ungechukua kibeti chako ukaenda. Mimi sikuweza. Miaka saba, Mama, nimekuwa maid, nimekuwa nesi, nimekuwa jirani anayefungua mlango na kusema hayuko. Hii ilikuwa mara ya kwanza jina langu kuwa la juu. Nikarudi. Nikajitupa kwa lile jeneza, nikapiga nduru, nikagaragara mpaka wigi ikatoka. Walisimama wote wakanipigia makofi. Hata yule msichana wa Juja alipiga, maskini, na alikuwa ameshajua amekosa.

Sasa ngoja nikuambie inayoniuma. Ile nduru ilikuwa ya kweli. Ilikuwa yako. Siku yako sikulia hata kidogo, nilikuwa nimebeba birika, napita kwa mahema, nauliza wageni kama wamepata mkate. Nilijiambia nitakulilia baadaye, watu wakienda. Watu wakaenda, nikawa na vyombo vya kuosha, nikawa na skripti ya kushika. Na Alhamisi nimeenda nikaimwaga yote juu ya sanduku tupu, kwa ajili ya mzungu ambaye hajakufa hata, alikuwa amekaa kwa kiti pale pembeni anakula chipsi. Nilipofika nyumbani nilifunga mlango nijaribu kukulilia wewe. Hakuna kitu. Nimekauka. Nimemlilia yeye kuliko wewe, na nikapigiwa makofi. Nisamehe, Mama.

Wiki ijayo tunaanza kupiga picha za sinema, kwa nyumba ya zamani kwenye shamba la kahawa nje ya Ruiru. Nimeweka sahihi, kwa hivyo nduru watapata. Lakini nakuahidi hivi: siku ya mazishi, kabla sijajitupa popote, nitanyoosha kitambaa, nigeuke, niulize. Wakisimamisha kamera, wasimamishe. Wakirudia, nitauliza tena. Wakinifukuza, yule wa Juja yuko tayari na anajua kulia.

Sasa nakuaga, nisikuchoshe. Lala hapo kando ya Baba. Na kama umekuwa na wasiwasi juu ya siku yako, usiwe nao. Watu walijaa mpaka barabarani, mvua ilingoja, na chai ilifika hadi kwa vijana waliochimba kaburi. Niliuliza mwenyewe.

Wako,
Mami