Mshale Umepanda, Shangazi

Chumba cha Nyuma,
Ghorofa ya Fundi Viatu.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zetu, tena nyingi kuliko karatasi hii. Goti lako bado linakusumbua? Na kifua cha mjomba, kimetulia? Sisi ni wazima, na safari hii nikisema wazima sitafuni maneno.

Unakumbuka ulivyomwacha Chiriku wangu: vidole vimejaa vitobo, wewe umemshika, mimi namdunga kupima sukari, sote watatu tunalia. Mara sita kwa siku! Mwalimu mkuu naye akakataa mtoto kusoma bila mama yake kuwepo. Muhula mzima nimekaa kwenye benchi nje ya darasa, cherehani yangu ikila vumbi karakanani.

Sasa sikia. Kliniki wamembandika kidude mkononi, juu ya kiwiko, kidogo kama kifungo cha koti. Kinapima sukari chenyewe, na namba inatokea kwenye simu yangu hata mtoto akiwa shuleni. Pembeni kuna mshale: ukielekea chini, ujue sukari inashuka; ikishuka chini ya nne ni hatari, na simu inalia. Insulini bado tunamchoma, lakini vidole tunavidunga mara moja moja tu. Mwalimu wake kafundishwa cha kufanya, nami nikarudi kazini.

Wiki ya kwanza nilijiaibisha. Simu ililia, nikatoka mbio, futi ya kupimia shingoni, kiatu kimoja mguuni, hadi darasani. Kumbe Chiriku kasinzia, kaulalia ule mkono, kidude kimebanwa kikatoa namba ya uongo! Nesi wa kliniki alicheka hadi machozi. "Mama, si tulikwambia upige simu kwanza?" Lakini mwalimu mkuu hakucheka. Alisema vurugu hiyo ikirudiwa, nami nirudi kwenye benchi.

Alhamisi simu ikalia tena, na safari hii kweli. Tatu nukta nne, mshale chini. Miguu ilitaka kwenda bila mimi. Nikapiga simu. "Ninaye hapa, anatetemeka," mwalimu akasema. "Anakunywa maji ya sukari."

Nikaiweka simu juu ya cherehani. Wenzangu wakaacha kazi, wakanizunguka. Msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Mkasi, akaja kufoka, akaona uso wangu, naye akasogea kuitazama simu. Dakika tano, namba ileile. Dakika kumi.

"Panda, baba, panda!" mshona vifungo anaubembeleza mshale, utadhani timu yake iko uwanjani.

Mara ukalala sawa. Ukainuka. Tatu nukta tisa. Nne nukta nane! Shangazi, vigelegele nusura vituezulie bati. Bwana Mkasi mwenyewe alikuwa amesimama juu ya kiti!

Jioni nikamkumbatia Chiriku, akajichomoa. "Mama, unalia nini? Nilikunywa, nikamaliza hesabu. Nimepata zote!"

Msalimie sana mjomba, na binamu zangu mapacha, na jirani yako mkunga. Mungu akulinde, na mikono ya waliobuni kidude hiki isipungukiwe na kazi njema.

Ijumaa darasa la Chiriku linakwenda kutembelea kiwanda cha karatasi, kutwa nzima, bila mimi. Fomu nimeisaini leo, kwa kalamu hii hii ninayokuandikia.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye bila kuchoka,
Mama Chiriku