Pete kwenye Mstari wa Kumi na Nne

Jumapili, katikati ya Novemba. Rayners Lane. Manyunyu tangu alfajiri, yale ya London yasiyolowesha na yasiyoisha.

Shajara, leo sina hali nzuri na sitajifanya ninayo.

Tangu Ijumaa jioni hadi leo mchana sikuzungumza na mtu yeyote isipokuwa Mama Nilesh, mwenye nyumba yangu. Jana nilikwenda dukani kununua maziwa, nikalipia kwenye mashine, mashine ikanishukuru kwa sauti yake ya kike. Nikajikuta nimeijibu, "Karibu." Nikageuka haraka kuona kama kuna aliyenisikia. Hakukuwa na mtu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi naitwa Shija, ni mjiolojia, mtoto wa Geita, mjane wa miaka arobaini na mmoja. Kazi yangu ni kutafuta dhahabu mahali ambapo bado hakuna mgodi, hakuna barabara, na mara nyingi hakuna hata hiyo dhahabu. Kampuni yetu ni changa, ofisi nzima ni meza nne na ua moja kwenye chungu linalokufa taratibu. Mwaka huu tulikuwa Sahara, upande wa magharibi, kwenye ukanda wa miamba ya kijani. Kwa nje miamba hiyo imeungua kwa jua mpaka ikawa myeusi. Ukiipiga nyundo, ndani ni kijani iliyokoza, sawasawa na ile ya kwetu Geita. Siku ya kwanza nilipoivunja nililia, nikamwambia bosi wangu, Neil, kwamba vumbi limeniingia machoni.

Watu hudhani kutafuta dhahabu ni kuchimba. Thubutu! Mwanzoni ni kuzoa udongo tu. Mnapanga mistari jangwani, mnatembea juu yake, kila baada ya hatua kadhaa mnachimba kishimo, mnachekecha udongo, mnajaza kimfuko cha karatasi na kuandika namba. Maabara hutafuta humo chembe ambazo jicho haliwezi kuziona. Kwa kuwa chembe zenyewe ni ndogo kiasi hicho, sheria ya kwanza ya kambi ni kwamba hakuna anayegusa udongo akiwa amevaa dhahabu. Pete, hereni, mkufu, vyote vinavuliwa.

Sheria hiyo niliisimamia mimi. Niliweka kopo la maziwa ya unga mlangoni mwa hema la jikoni, na kila asubuhi nilisimama hapo kama mwalimu wa zamu. Neil alitumbukiza pete yake. Sidi, msimamizi wa vibarua, mzee wa pale pale mwenye ndevu za mvi, alitumbukiza pete yake ya fedha ingawa nilimwonyesha kwa ishara kwamba fedha haina neno. Na yangu ilikuwa humo humo, pete ya Deus.

Deus alikuwa mume wangu. Alifundisha hesabu sekondari, alikuwa na kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na figo zilimwondoa miaka mitatu iliyopita. Pete aliinunua kwa sonara wa Mwanza, akaniambia nisiivue hata nikiwa nafua. Nikamwambia kazi yangu hairuhusu. Akasema basi itabidi nichague, kisha akacheka kile kicheko chake. Alikuwa anatania.

Ijumaa majibu ya maabara yalifika. Ramani nzima ilijaa nukta za kijivu, maana yake hakuna kitu, mpaka ulipofika mstari wa kumi na nne. Hapo kulikuwa na nukta tisa nyekundu, zimefuatana. Neil alinikumbatia, Mwingereza yule ambaye hata kupeana mkono humpa shida. Akasema Jumatatu tunawatangazia wenye hisa, na baada ya mwaka mpya mashine ya kuchoronga miamba inapelekwa jangwani. Viza yangu imedhaminiwa na kampuni hii. Mradi ukifa, kazi yangu inakufa nao, nami nafunga mizigo. Kwa hiyo nami nilicheka, nikapiga makofi.

Kisha nikafanya kosa jingine. Kila Ijumaa Sidi hunitumia salamu za sauti. Mimi sijui lahaja yao ya Kiarabu, na yeye hajui Kiswahili, lakini kuna maneno yaliyohama kwao zamani yakaja kwetu: habari, safari, sukari, dhahabu. Kwa hayo tuliishi wiki saba. Ijumaa aliuliza neno moja tu, "Dhahab?" Nikamtumia kidole gumba. Baada ya muda akanirushia sauti ya watu wa nyumbani kwake wakishangilia, wanawake wakipiga vigelegele. Yeye ndiye angekuwa msimamizi wa vibarua wa mashine.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia Neil.

Kwenye kila mstari tunachukua sampuli ya pili katika shimo moja, ili kujikagua. Mstari wa kumi na nne, sampuli hiyo ya pili aliichekecha Sidi. Ni shimo lile lile na udongo ule ule. Yangu ilitoka nyekundu. Yake ilitoka kijivu.

Niliiona Ijumaa hiyo hiyo. Nikajiambia maabara wamekosea, nikafunga kompyuta, nikapanda treni.

Leo mchana Mama Nilesh aliniita jikoni kula. Yeye ni Mhindi wa Mwanza, amezaliwa huko, amekuja huku msichana. Mumewe ameshafariki, na mwanawe Nilesh yuko Kanada, akipigiwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza. Nadhani alinipangisha chumba kwa sababu nilimwamkia shikamoo. Alikuwa anasukuma chapati, mikono imejaa unga, nami nikaona bangili yake ya dhahabu ilivyo nyembamba.

"Mama, hii si itakatika?"

"Acha itakatika," alisema. "Mama yangu alinipa siku ya harusi, ilikuwa nene kama penseli. Sasa angalia, imebaki uzi."

"Imekwenda wapi?"

"Miaka hamsini, Shija! Imekwenda kwa masufuria. Imekwenda kwa unga. Baba Nilesh amekula, Nilesh amekula, hata weye unakula." Akacheka mpaka akakohoa, akaniwekea chapati ya pili.

Sikuweza kuimeza. Nilibaki natazama ule unga kwenye bangili.

Nilijua. Nadhani nilijua tangu Ijumaa, ila nilikuwa nimejificha.

Siku tuliyofanya mstari wa kumi na nne ilikuwa tarehe ile ile aliyofariki Deus. Alfajiri nilichelewesha wenzangu makusudi, nikaenda peke yangu kwenye kopo, nikachukua pete nikaivaa, nikavaa glavu juu yake. Nilitaka tu niwe naye siku ile. Katika upana wote ule hapakuwa na kaburi la kwenda kupalilia, hapakuwa na shemeji wa kumpigia, mtandao haukushika. Glavu ya kulia ilichanika mapema. Mkono huo ndio wenye pete, maana ule wa kushoto kidole changu kilivunjika nikiwa mtoto na pete haipiti. Sikuwa na glavu nyingine hadi gari la maji lifike mchana. Nikaendelea. Udongo wa kule una mabonge magumu, unayasagia kwenye chekeche kwa kiganja, unasugua, unasugua. Mashimo tisa nilisugua hivyo.

Sidi aliiona pete. Alinitazama kidoleni, akanitazama usoni. Nikanyoosha kidole juu, mbinguni. Akainamisha kichwa, akanimiminia chai, na hakusema neno kuhusu sheria yangu.

Dhahabu ya kweli hufuata mwamba. Ingekuwa imepita pale, ingegusa mstari wa kumi na tatu na wa kumi na tano pia. Hii ya kwangu imeanza asubuhi glavu ilipochanika ikakoma mchana gari lilipoleta nyingine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeligundua. Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na saba, na nilikaa siku mbili nikiomba isiwe hivyo.

Saa kumi jioni, giza la huku limeshaanza kuingia, nilimpigia Neil. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kama naripoti kwa mwalimu mkuu. Nyuma yake nilisikia familia, vyombo vinagongana, mtu anacheka.

"Una hakika?" aliuliza.

"Nina hakika. Angalia sampuli ya Sidi."

"Lakini lile kopo uliliweka wewe, Shija. Kwa nini uliivaa?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kitaalamu. Nikasema tu, "Ilikuwa siku yake."

Akasema tangazo analisimamisha, tuonane saa mbili asubuhi. Kuhusu kazi yangu hakusema chochote, nami sikuuliza. Akaniomba kitu kimoja: kabla ya kikao nizifute zile nukta kwenye ramani, mimi mwenyewe.

Kwa Sidi ilikuwa ngumu zaidi. Nilizunguka chumba hiki nikitafuta neno katika yale machache tuliyo nayo. Nikakumbuka kwamba hata "samahani" tuliitoa kwao. Nikalitamka neno hilo moja, nikalituma. Alama mbili zimegeuka bluu. Hajajibu.

Nina upweke, shajara. Siyo ule wa kukosa watu, huo nimeuzoea. Ni wa kukosa mtu mmoja ambaye ningemsimulia upuuzi huu naye akacheka mpaka majirani wagonge ukuta. Deus angecheka. Angesema, si nilikwambia uchague.

Nimeivua pete nikaishika chini ya taa. Upande wa kiganjani imelika kweli, imekuwa laini, ile michoro midogo ya sonara haionekani tena. Sehemu yake iliingia katika vimfuko tisa vya karatasi, ikasafirishwa, ikasagwa, ikachomwa kwenye tanuru, na watu wasionijua wakaandika kwamba ipo. Miaka mitatu nimekuwa nikiambiwa na kila mtu kwamba Deus hayupo.

Katika jangwa lote lile kuna mstari mmoja tu mwekundu, na mstari huo ni mimi nikimkumbuka mume wangu.

Kesho nitapanda treni ya saa kumi na mbili na nusu ili nifike ofisini kabla ya wengine. Nitawasha kompyuta, nitafungua ramani. Nukta ni tisa, na lazima zote zitoke.

Nitaanza na ipi?