Karoti za Baba Kendi

Jumanne, Majimbo

Amezihamisha zote. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta mume wangu amepiga magoti nyuma ya nyumba, anang'oa miche ya karoti kitaluni na kuipanda upya kwa mistari, mmoja mmoja, kama sukuma wiki.

Karoti haihamishwi. Mbegu humwagwa pale pale itakapokulia. Ukiihamisha, mzizi huumia na karoti hutoka na miguu miwili. Najua kwa sababu niliwahi kuandika habari hiyo, baada ya kushinda na wakulima kule Kianjai.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie.

"Baba, umezipanga kama paredi ya shule," mwanetu Kendi akamtania.

"Na hakuna aliyechelewa," akajibu, akacheka.

Alikuwa hajacheka tangu shule ilipokataa kumwongezea mkataba wa ualimu. Nimekuwa na hofu naye, hasa zile asubuhi ambazo hataki hata kutoka kitandani. Leo alikuwa na udongo mpaka masikioni.

"Mama Kendi, wewe ni mwandishi wa habari, sema ukweli. Ziko sawa?"

Nilizitazama vizuri kabla ya kujibu. "Mistari imenyooka kabisa."

Akaridhika, akaenda kuoga huku akiimba wimbo wa kanisani, sauti ikiwa juu kuliko inavyostahili.

Sikusema uongo. Zikikomaa nitawahi kuzing'oa mwenyewe, nizikatekate ziingie kwenye sufuria kabla hajaziona.