Karani wa Chai na Neno Lake Moja

Jumatatu, 6 Mei 1968
Nimechuma tangu asubuhi. Majani mawili na kichipukizi, kama tulivyofundishwa. Nikashindilia kikapu, nikakifunika kwa majani ya mgomba, jua lisiyapate. Kwenye kituo cha kununulia chai karani akatia mkono kikapuni, akasema, "Mbaya." Basi. Akamwaga yote nyasini. Nikauliza ubaya gani. Akamwita anayefuata.

Jumatano, 8 Mei
Nimechagua jani moja moja. Vidole vyeusi. "Mbaya." Hata mwalimu akimpa mtoto sifuri humwonyesha alipokosea! Nyakundi, mume wangu, anasema chai imetushinda. Ikikataliwa tena ataing'oa apande mahindi. Michai hiyo niliipanda mimi, mja mzito, yeye akiwa kazini Kericho.

Jumapili, 12 Mei
Sijui nirekebishe nini, basi narekebisha kila kitu. Kesho nitashindilia zaidi na kufunika mara mbili.

Jumatatu, 13 Mei
"Mbaya." Nikaketi juu ya mizani. Sitoki mpaka aseme! Wanawake wakacheka, kisha wakaanza kupiga kelele pamoja nami.

Karani ni mtu wa upande wa ziwa, Kigusii, lugha yetu, hajui. Akanishika mkono akautumbukiza kikapuni. Majani moto kama uji. "Mama, hii majani umevundika kama ndizi. Imeungua ndani. Usishindilie, usifunike."

Ni hayo tu! Siku zote hizo! Nikamuuliza mbona alinyamaza. Eti aliambiwa akague, hakuambiwa afundishe. Upuuzi mtupu. Nikamwambia: kuanzia leo ukikataa, onyesha. Jani gumu, mwekee mwenyewe mkononi. Likiungua, mtie mkono kikapuni. Hata bibi asiyejua Kiswahili ataelewa. Akakubali, macho chini.

Nikarudi mbio kumwambia Nyakundi. Habari za kukataliwa zilikuwa zimefika kabla yangu. Nimemkuta shambani na jembe, mistari miwili ya michai iko chini, mizizi juu. Nimelia mbele yake bila aibu.

Jumamosi, 18 Mei
Sabato. Mvua nyepesi. Kikapu cha Alhamisi kilipokelewa, na cha jana pia.

Jana kabla ya jua kuzama na Sabato kuingia, Nyakundi alichukua mtungi wangu akaenda mtoni kuteka maji. Mwanamume mzima, kazi ya wanawake, majirani wakimtazama. Akautua jikoni, miguuni pangu.