Kanda ya Adero

Rehma, uko?

Unajua nanakili kanda za video za ofisi za 1994 kwa kompyuta, ziingie kwa mtandao wetu wa ndani. Leo Mama Selpha amekuja kutoka Kombewa. Marehemu binti yake Adero alirekodiwa akifunza akina mama kukausha omena, wale samaki wadogo wa ziwani. Hana hata picha yake.

Nikaweka kanda yake, nikabonyeza. Adero akacheka, akimwambia mamake aliyekuwa nyuma ya kamera, "Mama, toka hapo, unanichekesha."

Halafu mpira. Dakika tisini za mpira.

Rehma, hiyo mechi niliirekodi mimi juu yake. 1996. Kanda tupu zilikuwa zimeisha, nikachukua iliyokuwa mezani bila kuangalia.

Mama hakuuliza ni nani aliyemfuta. Alisema tu, "Dalmas, rudisha pale anacheka."

Nimerudisha mara kumi na moja. Ni sekunde sita. Kila mara mama anamjibu polepole, "Haya, natoka."